Kisu cha duara hakikati: soma alama kwenye kitambaa kabla ya kurudi kwenye moto

Kisu ninachokizungumzia ni kile cha kuviringisha kwa mkono: kisahani chembamba chenye tundu katikati, kimefungwa kwenye mpini kwa bolti, fundi anakisukuma juu ya kitambaa au ngozi nacho kinazunguka huku kikikata. Vya dukani vinajulikana tangu 1979, kampuni ya OLFA ya Japani ilipotoa cha kwanza. Saizi zilizozoeleka ni milimita 28, 45 na 60, na kile cha 45 huwa na unene wa takriban milimita 0.3 na tundu la milimita 8. Vya kwetu vya karakana ya nyumbani huwa vinene zaidi, kati ya 0.8 na 1, kwa sababu tunavitoa kwenye misumeno ya mbao iliyochakaa. Unene huo una faida yake. Kisahani cha namna hiyo unakinoa mara nyingi kabla hakijaisha, na kwenye ngozi ya makubadhi kinatulia kuliko cha dukani.

Watu huniletea vilivyowashinda, na karibu wote huja na hukumu mkononi: "Hakikukaza vizuri, nataka kukirudisha motoni." (Kukaza ni kukipasha chuma mpaka kiwe chekundu, kisha kukizamisha kwenye mafuta ili kiwe kigumu.) Mara nyingi moto hauna kosa lolote. Tundu limekaa pembeni, washa (vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa kati ya nati na kisahani) zina ukingo uliovimba, au makali yaliungua kwenye jiwe siku ya kunoa. Anayekimbilia moto anachukua kisahani kizuri chenye kasoro ndogo, anakipinda, na kasoro ile ndogo inabaki palepale. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili, na kila dalili nimeanza na chanzo ninachokutana nacho zaidi.

Onyo moja kabla ya yote. Kisahani ulichotengeneza mwenyewe ni cha mpini wa mkono tu. Usikifunge kwenye grinda, hata kwa jaribio la sekunde mbili. Grinda ndogo ya inchi nne na nusu huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na kwa mwendo huo ufa usioonekana kwa macho unatosha kukipasua. Vipande vinaruka kabla hujapepesa jicho. Kama kazi yako inataka kisu cha mashine ya umeme ya kukatia mirundo ya vitambaa, nunua kisu cha mashine hiyo.

Anza na kitambaa

Tafuta kipande cha khanga ya zamani au shuka la pamba, kikunje mara mbili, ukitandike juu ya mkeka wa plastiki wa kukatia. Chora kwa kalamu ya wino alama moja kwenye ubavu wa kisahani, karibu na ukingo. Viringisha mstari wa nusu mita kwa mkono mwepesi, bila kurudia, ukianza na ile alama ikiwa chini. Kisha kiinue kitambaa dirishani, ukivute taratibu pande mbili, uone nyuzi zilizobaki zimeshikana wapi.

Kisahani cha milimita 45 kikizunguka mara moja kinasafiri milimita 141, yaani sentimita 14 na kidogo. Hicho ndicho kipimo chako. (Kwa saizi nyingine, zidisha kipenyo kwa 3.14.) Nyuzi zikibaki kidogo tu, lakini kila baada ya sentimita 14, kuna pengo sehemu moja ya ukingo. Zikibaki kwa sentimita sita au saba, kisha kisu kikakata vizuri sentimita saba, kisha zikabaki tena, duara lako halikukaa katikati ya tundu. Zikibaki ovyoovyo bila mpangilio, geuza mkeka upande wa pili kwanza: mkeka uliochimbika huacha nyuzi zizame kwenye mifereji, na hakuna makali yatakayozifikia humo.

Jaribio hili linachukua dakika tatu, nami siliruki hata mteja akiwa amesimama mlangoni.

Kinaruka nyuzi kila baada ya sentimita 14

Chanzo cha kawaida ni pengo dogo. Kisu kimepita juu ya pini ya kushikizia kitambaa, au kimeanguka sakafuni kwa makali. Pitisha pamba kavu taratibu kuzunguka ukingo wote. Penye pengo pamba itanasa nyuzinyuzi. Usitumie kidole. Pengo likiwa dogo kuliko unene wa ukucha, noa mzunguko mzima hadi liishe. Usinoe penye pengo peke yake, maana utachimba bonde, na bonde kwenye duara halikati milele.

Chanzo cha pili ni ule unyuzi mwembamba wa chuma unaojikunja upande mmoja baada ya kunoa. Unahisi makali ni makali, lakini yamelala. Viringisha kisahani mara kumi kwenye ngozi kavu au kadibodi, kisha pitisha msasa wa namba 1500 uliolowa, pande zote mbili, kwa kugusa tu.

Kama sehemu ileile inarudia kuharibika wiki baada ya wiki, hapo pana chuma laini. Nenda kwenye dalili ya makali yanayojikunja.

Kinakata nusu ya mzunguko, nusu nyingine kinapapasa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi hupotelea.

Tazama ule mteremko wa makali, ile sehemu inayong'aa ukingoni. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, jibu umelipata: ulipokifunga kisahani kwenye bolti na kukinoa kikizunguka, jiwe lilifikia upande uliojitokeza tu, na upande wa pili haukuguswa kabisa. Nusu ya kisu chako haijawahi kunolewa tangu izaliwe. Mkono nao huhisi mpini ukipanda na kushuka, kama baiskeli yenye rimu iliyoliwa.

Karibu kila mara kosa lilitokea siku ya kwanza: fundi alikata duara zuri, kisha akaanza kutafuta katikati. Kutafuta katikati ya duara lililokwisha kukatwa ni kazi ngumu, na biti ya kutobolea ikikwepa nusu milimita tu, tofauti kati ya pande mbili inakuwa milimita nzima. Toboa tundu kwanza, bapa likiwa bado pana. Kisha weka ncha ya bikari kwa kutumia hilo tundu, chora duara, kata nje ya mstari kwa milimita moja, funga kwenye bolti inayobana sawasawa, na usage ukingo huku ukikizungusha kwa mkono mpaka jiwe liguse kote.

Chanzo kinachofuata ni tundu lenye pembe tatu. Ukitoboa bati jembamba kwa keekee, ncha hutokea chini kabla mabega ya biti hayajaingia, na biti ikikosa pa kujishikiza inacheza. Tundu linalotoka lina mabega matatu. Ukipitisha bolti linaonekana sawa, lakini kila ukifungua na kufunga, kisahani kinakaa mahali papya. Kinga yake ni kubana bapa katikati ya vipande viwili vya mbao ngumu au chuma, ukaze kwenye jiliwa, utoboe vyote kwa pamoja: milimita 3, kisha 6, kisha 7.5, na ile nusu ya mwisho umalize kwa tupa ya mviringo kidogokidogo huku ukipima na bolti yenyewe. Usishike bapa kwa mkono unapotoboa. Biti ikinasa inalizungusha kama pangaboi, na bati la milimita moja linakata hadi mfupa.

Kisahani kikiwa kimeshakaza, hakitobolewi tena, lakini kinaokoleka. Kifunge kwenye bolti, bolti kwenye keekee iliyobanwa, mwendo wa chini kabisa, na ukisogeze kwenye jiwe la maji mpaka mzunguko wote uguswe. Kilichokuwa 45 kitakuwa 43. Kisha tengeneza makali upya. Vaa miwani, kunja mikono ya shati, vua glavu za kitambaa, na simama pembeni, usikae mbele ya ukingo unaozunguka.

Kama unataka visahani kumi au zaidi, kabla ya kukaza vipeleke kwa fundi wa mashine ya kukereza. Vipange vyote kwenye bolti moja, akikereza mara moja vinatoka sawa kama sarafu. Hela utakayomlipa inakuokolea siku mbili za kusaga kimoja kimoja.

Kinayumba na mstari unatoka wenye mawimbi

Anza na washa. Washa nyingi hupigwa kwa mashine, na ukizipapasa utagundua upande mmoja ni wa mviringo laini na wa pili una ukingo mkali uliosimama. Ukingo huo ukikilalia kisahani, unakiinamisha. Geuza upande laini utazame kisahani, au sugua washa kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Nimewahi kuletewa visu vitano kwa siku moja vyenye kuyumba, vyote kutoka karakana moja, na vyote vilipona kwa kugeuza washa.

Baada ya washa, angalia kama tundu limepwaya. Bolti ya milimita 8 ndani ya tundu la 8.5 inaruhusu kisahani kulala. Kata bushi nyembamba ya bati la shaba kujaza nafasi. Nati nayo isikazwe mpaka kisahani kigande. Kifunge mpaka kisizunguke, kisha irudishe nyuma robo mzunguko na ufunge nati ya pili ya kuizuia.

Yote hayo yakiwa sawa, pengine kweli kimepinda. Kilaze kwenye kipande cha kioo cha dirisha, ukibonyeze katikati kwa kidole, ujaribu kupitisha karatasi ya kawaida ya kuandikia chini ya ukingo. Karatasi moja ina unene wa takriban milimita 0.1. Karatasi moja ikipita, kwa ngozi hakuna neno. Zikipita mbili, kitambaa kitaonyesha. Zikipita nne, kisahani hicho kinahitaji kunyooshwa.

Kupinda hutokea motoni, na sababu zake ni hizi kwa mpangilio ninaoukuta: kisahani kiliingia kwenye mafuta kikiwa kimelala, upande wa chini ukapoa kwanza; kilipashwa upande mmoja juu ya mkaa; kilikuwa kimesagwa makali upande mmoja kabla ya kukazwa; au bapa la msumeno lilikuwa na mkazo wake wa zamani, maana bapa za misumeno hupigwa nyundo na kuviringishwa kiwandani ili zikae wima. Kisahani kiingie kwenye mafuta kwa ukingo, wima, kama sarafu inayoingia kwenye kibubu. Mimi nahesabu moja, mbili, nakitoa kikiwa bado cha moto, na hapohapo nakibana kati ya vipande viwili vya chuma kinene na baridi. Katika sekunde hizo chuma bado kinasikia. Kikishapoa kabisa, hakisikii tena.

Kwa kilichokwisha kupoa, kinyooshe wakati wa kulegeza, yaani kukipasha tena kwa joto dogo baada ya kukaza ili kisivunjike kirahisi: kibane kwa bolti kati ya vyuma viwili vya unene wa milimita 10, vyote vikae kwenye oveni ya nyuzi joto 200 (za Selsiasi, kama nyuzi zote za joto humu) kwa saa moja, uviache vipoe bila kufungua. Wakati mwingine inabidi kurudia mara mbili. Usikipige nyundo kisahani kilichokaza. Kinavunjika kama kigae, na vigae vyake vinalenga macho.

Makali yanajikunja au yanaisha upesi

Hapa ndipo moto unaweza kuwa na kosa, lakini hata hapa uwe wa mwisho kulaumiwa.

Kwanza tazama makali kwenye mwanga wa jua. Ukiona kamstari ka bluu au zambarau ukingoni, makali yaliungua kwenye jiwe. Ukingo wa kisu ni mwembamba kuliko karatasi. Jiwe kavu linaupandisha joto kupita nyuzi 300 kabla kidole chako hakijahisi chochote upande wa katikati. Rangi ya nyasi kavu ni nyuzi 205 hadi 230, kahawia ni 255 au zaidi kidogo, zambarau 280, na bluu ni 300 hivi. Chuma kilichofika bluu ni kizuri kwa springi, kwa makali kimeshalegea. Dawa yake ni kusaga polepole mpaka uipite ile bluu, ukichovya kwenye maji kila mpito mmoja. Mara nyingi ni nusu milimita tu, na chini yake kuna chuma kizima.

Pili, jaribu tupa. Tupa nzuri ya meno madogo ipitishe ubavuni kwa mkono mwepesi. Ikiteleza kama juu ya kioo, ugumu upo. Ikila mipito miwili mitatu ya kwanza kisha ikaanza kuteleza, ni ngozi ya nje tu iliyopoteza kaboni motoni. Chini ni kigumu. Saga milimita 0.1 au 0.2 kila upande, unoe, usikirudishe motoni kwa sababu hiyo.

Tupa ikiendelea kula mpaka ndani, sasa tuzungumze moto.

Kosa la kwanza ni joto kutofika, na ndugu yake ni kuchelewa njiani. Kisahani cha milimita 45 chenye unene wa 1 kina uzito wa gramu 12 tu. Ukikitoa motoni, hakikusubiri utembee hatua tatu kwenda kwenye kopo la mafuta. Weka kopo liguse jiko. Na usikazie chuma chini ya jua la saa sita: wekundu wa chuma juani hauonekani ulivyo, utakipasha kupita kiasi au chini ya kiasi. Ngoja magharibi, au jenga kivuli.

Sumaku inasaidia. Chuma huacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi 770, lakini hapo bado hujafika. Chuma cha msumeno kinataka nyuzi 780 hadi 820. Wengi huchovya mara tu sumaku inapoachia, wakapata kisu nusu kigumu. Mimi naongeza chumvi. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Naweka punje chache juu ya kipande kingine cha chuma, kando ya kisahani, na zikianza kung'aa na kuwa tone, nahesabu mpaka thelathini, naingiza kwenye mafuta. Chumvi isiguse kisahani chenyewe, itakila.

Ili kisahani kipate moto sawa pande zote, kiingize ndani ya kipande cha bomba la chuma lililolazwa katikati ya mkaa, upepo ukipigwa kutoka chini. Bomba lisiwe lile la maji lililopakwa zinki. Ukiona moshi mweupe na unga mweupe mdomoni mwa bomba, zima upepo, ondoka, uache hewa ipite. Moshi huo unaleta homa na kifua kubana. Kama umeuvuta na kifua kinabana, nenda hospitali siku hiyohiyo, uwaambie ulikuwa unapasha chuma chenye zinki.

Mafuta: lita mbili au tatu za mafuta ya alizeti ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, yapashwe hadi nyuzi 50 au 60. Mafuta baridi ni mazito na yanapoza polepole. Oili chafu ya gari mimi siitaki. Moshi wake ni mbaya na mara nyingi ina maji ndani, na maji yanarusha mafuta ya moto usoni. Kisahani kizamishe chote kwa mara moja. Kikibaki nusu ndani nusu nje, mafuta yanawaka. Yaliniwakia mwaka wangu wa kwanza, nikiwa nimeshika koleo fupi, na nyusi ziliondoka. Yakiwaka, funika kopo kwa mfuniko na usirushe maji hata kidogo. Moto ukitoka nje ya kopo na mchanga haukuutosha, toa watu, piga simu zimamoto.

Kosa la mwisho ni chuma chenyewe. Chuma laini cha kawaida hakikazi, ukipashe mara mia. Visu vingi vya hakso ni vya namna mbili zilizounganishwa: meno ni chuma cha kasi (HSS, kile cha biti za kutobolea chuma), mgongo ni chuma cha springi. Vile vya chuma cha kasi kitupu vinataka karibu nyuzi 1,200 ili vikaze, jambo ambalo jiko la mkaa halikufanyii kwa usalama. Na diski za msumeno zenye meno ya kabaidi (vipande vigumu sana vilivyobandikwa kwenye meno) hazitabiriki. Mwili wa nyingine ni chuma kizuri, wa nyingine ni laini. Niliwahi kununua fungu zima la diski hizo kwa muuza chakavu, nikakata visahani ishirini, nikabadili mafuta mara tatu nikidhani ndiyo yenye kosa. Hakuna hata kimoja kilichokaza. Tangu hapo, kabla ya kukata chochote nakata kona ya kidole kimoja, naipasha, naizamisha, naibana kwenye jiliwa nikiwa nimeifunika na kitambaa, naivunja. Ikijikunja, chuma hicho nakirudisha kwenye chakavu.

Kona hiyo usiitupe kabla ya kuitazama ilipovunjika. Ikiwa ya kijivu na laini kama unga, joto lilikuwa sawa. Ikimetameta kama sukari, uliipasha kupita kiasi.

Ukijaribu kona mara mbili na haikazi, acha. Kila mpasho mpya unakula kaboni na kukuza punje za chuma. Uliza vyuo vya ufundi vya VETA au karakana za SIDO (shirika la viwanda vidogo la Tanzania) zilizo karibu kama wana tanuri la umeme lenye kipimajoto, uwapelekee visahani vyako vyote siku moja.

Na nikuambie ninachowaambia wanaoanza: msumeno wa mbao wa zamani tayari una ugumu wa kiwandani. Ukikata kisahani humo kwa subira, huku ukikimwagia maji kisipate moto, unaweza kukinoa bila kukikaza kabisa. Utakinoa mara nyingi zaidi, lakini hakitapinda wala kupasuka. Kwa kitambaa cha pamba kinatosha.

Makali yanamegeka, au kuna ufa

Makali yakimegeka vipande vidogo kama meno ya panya, mara nyingi kisahani hakikulegezwa baada ya kukazwa, au kililegezwa kwenye oveni ambayo kibonyezo chake kinasema 200 huku ndani ni 150. Nunua kipimajoto cha oveni. Kizike kisahani kwenye sinia la mchanga mkavu, nyuzi 200, saa moja, kipoe, kisha saa moja tena. Kwa ngozi nene nyanyua hadi 220. Ung'arishe ubavu kwanza ili uione rangi ya nyasi kavu ikija.

Ikiwa kililegezwa sawasawa na bado kinamegeka, kilipashwa kupita kiasi. Ile sukari uliyoiona kwenye kona ndiyo iliyomo ndani ya kisu. Au pembe ya makali ni nyembamba mno: nyuzi 12 hadi 15 kila upande zinatosha, chini ya hapo ngozi kavu inayavunja.

Ufa ni jambo jingine. Huanzia kwenye mkwaruzo mzito wa grinda, kwenye pembe kali ya tundu, kwenye namba iliyogongwa ya kiwanda cha msumeno, au kwa sababu mtu alichovya kwenye maji badala ya mafuta. Kuutafuta ni rahisi. Loweka kisahani kwenye mafuta ya taa kwa robo saa, kifute kikauke kabisa, kisha kipake chaki ya shuleni ubavu wote. Subiri dakika chache. Palipo na ufa, mafuta yatapanda na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, mwembamba kama unywele. Fanya hivyo mbali na jiko.

Kisahani chenye ufa hakitengenezwi. Usikichomelee, usikipunguze ukidhani utaupita, usimpe mtu mwingine. Kivunje kwa koleo ukiwa umekifunga ndani ya kitambaa, vipande viende kwenye kopo la chakavu. Kipande kikiingia jichoni, usilifikiche wala usijaribu kukitoa kwa sumaku. Lifunike bila kulibana, nenda hospitali. Ukikatwa na damu isisimame baada ya dakika kumi za kubana, au kidole kikafa ganzi, hiyo nayo ni ya hospitali, pamoja na sindano ya pepopunda.

Kizito kusukuma

Unene ndio sababu, na mteremko mfupi wa makali. Kisahani cha milimita 1 kinahitaji mteremko mrefu. Ukipima ukapata mteremko wa milimita moja tu kila upande, unasukuma kabari. Urefushe hadi milimita mbili, ukimalizia na msasa wa 400, 800 na 1500 uliolazwa kwenye kipande cha mbao bapa, kisahani kikizunguka kwa kuukimbia msasa, kisiukabili. Kikiukabili kitaung'ata.

Madoa na kutu

Tanga, Mombasa, Unguja, kisahani kilicholala usiku mmoja bila mafuta asubuhi kina vidoa. Jasho la vidole nalo hufanya hivyo hata bara. Futa kwa kitambaa kikavu, paka tone moja la mafuta ya cherehani pande zote mbili, na kabla ya kuanza kazi viringisha kwenye kitambaa chakavu mara tano ili mafuta yasiingie kwenye nguo ya mteja. Mafuta ya nazi yanaganda na kushika vumbi, mimi nayaacha jikoni. Kutu ikiwa ya juujuu, msasa wa 1500 unaitoa. Ikiwa imechimba vishimo kwenye makali yenyewe, saga mpaka uvipite, kisha urudi kwenye khanga yako na alama ya wino, upime tena. Kipenyo kimepungua, na hesabu ya sentimita 14 imebadilika pia.